Inflamesheni na mishipa ya retina: sindano zimegota, steroidi italeta nini?

Swali: *Habari daktari. Mama yangu ana miaka 61 na kisukari cha miaka 14. Jicho lake la kulia lina maji katikati ya retina. Amechomwa sindano 5 za bevacizumab, moja kila mwezi. Unene wa retina kwenye kipimo cha OCT (picha ya tabaka zake) ulishuka kutoka mikroni 512 hadi 430, kisha ukagoma hapo. Daktari wake sasa anasema kuna inflamesheni na anataka kumwekea steroidi ndani ya jicho. Steroidi si hupandisha sukari? Na kama shida ni inflamesheni, kwa nini asimeze tu aspirini au diclofenac? Halafu mishipa iliyokwisha kuharibika, hupona? Jicho hilo lilishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita.*

Jibu:

Majibu mafupi kwanza, upate usingizi. Dozi ya steroidi inayowekwa ndani ya jicho ni ndogo mno kuyumbisha sukari ya mama. Aspirini ilijaribiwa vya kutosha na haikusaidia, na diclofenac kwake ni hatari kuliko faida. Mishipa nayo hupona nusunusu: inayovuja inaweza kuacha kuvuja, ila iliyokwisha kuziba haifunguki. Sasa tuyafafanue, kwa sababu neno hili inflamesheni limebebeshwa mambo mengi.

Wengi hulitafsiri "uvimbe", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Maji yaliyo kwenye retina ya mama ndiyo uvimbe. Inflamesheni ni shughuli ya kinga ya mwili: chembe nyeupe za damu zinaitwa mahali, kemikali zinamwagwa, mishipa inalegezwa ili ipitishe askari pamoja na maji. Uvimbe ni tokeo mojawapo tu la shughuli hiyo, na unaweza kuwapo bila shughuli yenyewe, kama miguu inavyojaa maji kwa mtu mwenye figo dhaifu. Kwa hiyo daktari hakuwa anarudia kwamba kuna maji. Alikuwa anasema kinachoyaleta maji hayo si kile kimoja ambacho bevacizumab inakizuia, yaani protini ya VEGF tutakayoifikia.

Ukuta unavyobomoka

Retina ni utando wa robo milimita hivi, na mishipa yake haivuji ovyo kama ya ngozi. Seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa mshipa zimebanana kwa vifungo vya protini, kama vile okludini na klaudini-5, kiasi kwamba hata sukari hupita kwa mlango wake maalumu. Nje ya seli hizo zimejipanga seli za kuutegemeza mshipa ziitwazo perisaiti, karibu moja kwa kila seli ya ukuta, uwiano usioupata kwingine mwilini. Nje zaidi zipo seli za Müller, ambazo kazi yao mojawapo ni kunyonya maji ya ziada na kuyarudisha kwenye damu, na maikroglia, askari wakaazi wanaozungushazunguka mikono yao midogo kukagua jirani zao.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, seli za ukuta huota vishikizo, hasa kimoja kiitwacho ICAM-1. Chembe nyeupe nazo zina kifungo kinachokiingia kishikizo hicho, CD18. Isogelee kapilari moja, mshipa mwembamba kuliko yote, uone kinachofuata. Upana wake ni mikroni 5 au 6. Chembe nyeupe ni pana kuliko hapo, hivyo hata katika siku njema hulazimika kujinyonganyonga ili ipite, kama mtu anayepita kwenye uchochoro kwa ubavu. Chembe ya mgonjwa wa kisukari ni ngumu zaidi, haikunjiki vizuri, na kuta za uchochoro zimejaa ndoana. Inakwama. Nyuma yake chembe nyekundu zinapanga foleni, mbele yake tishu inakosa oksijeni. Iliyokwama inamwaga vimeng'enya na oksijeni haribifu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuua bakteria. Bakteria hayupo, kinachoungua ni ukuta wa mshipa.

Seli ikifa, jirani yake hujinyoosha kuziba pengo. Hilo hutokea mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, ila uwezo huo una kikomo. Perisaiti nazo zinapukutika, na pale zilipopukutika ukuta hututumka vifuko vidogo vinavyoonekana kama nukta nyekundu daktari anapomulika jicho. Mwisho wake linabaki ganda: utando wa nje wa kapilari upo, ndani hamna seli wala damu.

Swali la haki ni kama chembe nyeupe ndizo zinazosababisha, au zimekutwa tu eneo la tukio. Jibu limetokana na panya. Panya waliozaliwa bila ICAM-1 au bila CD18, walipofanywa wawe na kisukari, chembe nyeupe hazikunata sana kwenye mishipa ya retina, na mishipa hiyo iliharibika na kuvuja kidogo kuliko ya wenzao. Kwa hiyo, angalau kwa panya, zinahusika moja kwa moja.

VEGF iko upande gani?

Tishu iliyokosa oksijeni hupiga yowe, na yowe hilo ni protini ya VEGF. Ilielezwa kwanza mwaka 1983 kama kitu kinachoifanya mishipa ivuje. Jina la VEGF, linaloitaja kama kichocheo cha kuota mishipa, lilikuja 1989. Kwa mama yako sifa ile ya kwanza ndiyo yenye uzito. VEGF ikifika kwenye ukuta hulegeza vifungo vya okludini, na wakati huohuo huongeza ICAM-1 na kuita chembe nyeupe zaidi. Chembe hizo zinaziba kapilari nyingine, oksijeni inapungua tena, VEGF inaongezeka. VEGF na inflamesheni zinalishana, kwa hiyo kuzitenganisha kama magonjwa mawili si sahihi. Bevacizumab yenyewe, kwa kuikata VEGF, inapunguza sehemu ya inflamesheni. Ndiyo maana 512 ilishuka.

Kilichoizuia isishuke zaidi ya 430 huenda ni wachochezi wengine wa inflamesheni. Ute wa jicho la mtu mwenye uvimbe wa makula, yaani kitovu cha retina, ukipimwa hukutwa na saitokini (kemikali za kinga) kadhaa zilizopanda: IL-6, IL-8, MCP-1, mara nyingine TNF. Yupo pia angiopoietini-2, anayelegeza mshikamano wa perisaiti na ukuta. Bevacizumab haimgusi hata mmoja kati ya hawa. Dawa ya faricimab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, inazuia VEGF na angiopoietini-2 kwa pamoja. Steroidi inapiga wigo mpana zaidi: inapunguza utengenezaji wa saitokini nyingi na wa VEGF pia, inapunguza vishikizo, inazifanya seli za ukuta zitengeneze upya protini za vifungo, na inazisaidia seli za Müller kurudi kwenye kazi ya kunyonya maji.

Je, sindano 5 zinatosha kusema dawa imeshindwa?

Kwa maoni yangu, bado. Utafiti wa Protocol T wa Marekani uliochapishwa 2015 ulilinganisha dawa tatu za kuzuia VEGF. Data zake zilipochambuliwa baadaye, ilionekana kwamba baada ya wiki 24 uvimbe ulikuwa bado upo kwa asilimia 65.6 ya macho yaliyopewa bevacizumab, asilimia 41.5 ya yaliyopewa ranibizumab, na asilimia 31.6 ya yaliyopewa aflibercept. Mama yupo kwenye kundi kubwa, hana jicho la ajabu. Utafiti mwingine wa mtandao huohuo wa watafiti, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kuanza na bevacizumab na kuhamia aflibercept inapogoma huleta uoni sawa baada ya miaka miwili na kuanza na aflibercept moja kwa moja. Kwa hiyo kuhamia aflibercept au faricimab ni njia halali, na unaweza kumuuliza daktari kwa adabu kwa nini ameiruka. Huenda anayo sababu nzuri, kwa mfano mama haonekani kliniki kila mwezi, au amepata kiharusi au shambulio la moyo hivi karibuni, hali ambayo hufanya madaktari wengi wasite kutumia dawa za kuzuia VEGF.

Huenda pia ameona kitu kwenye picha. Mwombe akuonyeshe OCT yenyewe, si namba tu. Ishara zinazomwelekeza mtu kwenye inflamesheni ni vitone vidogo ving'aavyo vilivyotapakaa ndani ya tabaka za retina, ambavyo wengi wanaamini baadhi yake ni maikroglia zilizoamka, na kibwawa cha maji kilichojikusanya chini ya retina katikati kabisa. Macho yenye ishara hizi mara nyingi huitikia steroidi vizuri. Lakini ni viashiria, si ushahidi wa mwisho; hakuna kipimo cha kliniki kinachohesabu inflamesheni ya retina kama kipimo cha damu cha HbA1c kinavyohesabu sukari.

Jambo moja lisemwe wazi. Katika utafiti wa Protocol U wa mwaka 2018, macho yaliyobaki na uvimbe baada ya sindano nyingi yaligawanywa: mengine yaliendelea na ranibizumab peke yake, mengine yakaongezewa kijiti cha dexamethasone, ambayo ni steroidi. Baada ya wiki 24, yenye steroidi yalikauka zaidi. Uoni, kwa wastani, haukutofautiana. Retina kukauka na mtu kusoma mistari zaidi ni mambo mawili, na kati yake yamekaa yale niliyoyaita maganda: kapilari zilizokufa na seli za neva zilizokufa nazo. Mama apelekwe akijua hilo. Kwa upande wake, jicho lililoshatolewa mtoto wa jicho ndilo linalonufaika na steroidi kuliko mengine, kwa sababu dhara moja kubwa la steroidi, yaani kuleta mtoto wa jicho, halipo tena.

Hofu ya sukari na hofu inayostahili

Kijiti cha dexamethasone kina miligramu 0.7. Ni kijiti kweli, urefu wa milimita 6 na unene chini ya nusu milimita, kinachoyeyuka chenyewe. Miligramu 0.75 za dexamethasone zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisolone, steroidi ya kumeza. Yaani kijiti kizima hakifikii kidonge kimoja kidogo cha prednisolone, na dozi hiyo inaachiliwa polepole kwa miezi kadhaa, sehemu kubwa ikiishia ndani ya jicho. Linganisha na mgonjwa wa pumu anayemeza miligramu 40 kila siku kwa siku 5. Huyo sukari itapanda, ya mama hapana.

Hofu inayostahili ni presha ya jicho. Katika utafiti wa MEAD uliodumu miaka 3, takriban wagonjwa 4 kati ya 10 waliowekewa kijiti hiki walihitaji wakati fulani dawa za kushusha presha ya jicho. Waliohitaji upasuaji wa presha hiyo hawakufika 1 kati ya 100. Presha hupanda kimya, bila maumivu, na kilele chake ni kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kosa linalorudiwa sana ni mgonjwa kupimwa wiki ya kwanza, kuambiwa 15, kufurahi, na kutoonekana tena hadi mwezi wa 4. Wiki ya kwanza inatafuta maambukizi. Haisemi lolote kuhusu presha ya steroidi. Pangeni tarehe ya wiki ya 6 hadi 8 kabla hata ya sindano kuchomwa. Ikisoma zaidi ya 25 mmHg, au ikiwa imepanda kwa 10 kutoka ilipoanzia, kwa kawaida huanzishiwa matone.

Kuna mambo mawili ya kuthibitisha kabla. Mosi, kama mama ana glakoma iliyokwisha kuchimba neva ya jicho, kijiti hakifai. Pili, muulizeni daktari hali ya mfuko uliobeba lenzi ya bandia. Ikiwa ulipasuka nyuma wakati wa upasuaji ule, kijiti kinaweza kupenya na kuja mbele ya jicho, kikagusa kioo chake na kukiharibu. Hili husahaulika kwa sababu upasuaji ulifanywa miaka iliyopita, pengine na daktari mwingine, na karatasi hazipo. Daktari akipanua mboni na kutazama kwa mashine ya kumulika ataliona.

Kwa nini vidonge havikufaulu

Wazo lako si la ovyo. Mwaka 1964 Powell na Field waliandika kwamba wagonjwa wa kisukari wenye baridi yabisi, waliokuwa wakimeza dawa za jamii ya aspirini kwa wingi, walionekana kuwa na ugonjwa wa retina mara chache kuliko wenzao. Utafiti mkubwa wa ETDRS ukalijaribu hilo kwa watu 3,711, miligramu 650 za aspirini kila siku. Ugonjwa uliendelea vilevile. Faida pekee kwa wenye hofu ni kwamba damu haikuvuja zaidi ndani ya jicho, hivyo mama akiwa anatumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa sababu ya jicho.

Matone ya nepafenac, ndugu wa diclofenac, yalijaribiwa mara 3 kwa siku kwa mwaka mzima kwa watu wenye uvimbe usio katikati kabisa. Hayakuleta tofauti ya maana. Doxycycline ya miligramu 50 kwa siku, iliyotegemewa kutuliza maikroglia, ilitumika kwa miaka 2 bila mafanikio.

Sababu ipo kwenye ramani ya ugonjwa. Dawa za jamii ya diclofenac hufunga njia moja tu, ile ya prostaglandini. Kunata kwa chembe nyeupe na kulegea kwa vifungo kunapita zaidi kwenye njia nyingine. Ni kama kufunga dirisha la jikoni wakati mwizi anapitia mlango wa mbele. Zaidi ya hapo, ukuta ule usiopitisha vitu hovyo huzuia dawa nyingi za kumeza kufika kwenye retina kwa kiwango cha kutosha.

Kuhusu diclofenac ya kumeza nitakuwa mkali kidogo: mtu wa kisukari cha miaka 14 asiitumie kila siku kwa ajili ya macho. Inaumiza figo, inapandisha presha ya damu na inazuia chumvi na maji visitoke. Vyote vitatu vinaweza kuongeza maji kwenye retina.

Kidonge kimoja kinachostahili mazungumzo ni fenofibrate, dawa ya zamani ya mafuta ya damu. Pamoja na kazi yake ya mafuta, inaamsha kipokezi kiitwacho PPAR-alfa ambacho hupunguza inflamesheni kwenye ukuta wa mishipa. Katika utafiti wa LENS wa Uskoti, uliotoka 2024 na kuhusisha watu 1,151 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa retina, waliotumia fenofibrate walipungukiwa kwa asilimia 27 na hatari ya ugonjwa kusonga mbele au kuhitaji matibabu. Angalia neno "mwanzo". Haikaushi maji ya mama ya leo. Lakini jicho lake la kushoto, ambalo hukulitaja, huenda likafaidika. Kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ipimwe kwanza, kwa sababu dawa hii huipandisha na haifai kwa figo zilizochoka.

Kipi hupona, kipi hakiponi

Watu husahau kwamba chembe zilezile zinazobomoa ndizo zinazojenga. Ndani ya samaki mdogo aitwaye pundamilia, ambaye mtoto wake ni mwangavu kiasi cha kuonekana ndani, makrofeji (chembe ya kinga inayokula takataka) imewahi kunaswa kwa kamera ikishika ncha mbili za mshipa wa ubongo uliokatika na kuzivuta mpaka zikaungana. Kwa panya wachanga ambao retina yao ilifanywa ikose mishipa, chembe za uboho zilizoingizwa jichoni ziligeuka kuwa kama maikroglia na kuharakisha ukarabati wa mishipa. Na mwaka 2020 ilionyeshwa, kwa panya pia, kwamba nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, huingia mwishoni na kutandaza nyavu za DNA zinazofagia mishipa mipya iliyozeeka vibaya, ili retina ijipange upya.

Hii ndiyo sababu sipendi lugha ya "kuzima inflamesheni". Ukiizima yote, mapema au muda wote, unawafukuza mafundi pamoja na wabomoaji. Ugonjwa wa retina ya kisukari ni fundi asiyeondoka: amemaliza kuita vibarua, hakuna anayewapa ruhusa ya kwenda nyumbani, wanaanza kuvunja kuta zilizo nzima. Na wakizidi kukaa wanaleta saruji. Mishipa mipya dhaifu huzungukwa na kovu, kovu hukaza, na likikaza huvuta retina ikabanduka. Ndiyo maana jicho lenye mishipa mipya na kovu linahitaji macho ya karibu baada ya sindano ya kuzuia VEGF: mishipa hunywea ghafla, kovu likabaki peke yake na kukaza ndani ya siku au wiki chache.

Kwa mama, vifungo vya ukuta vinaweza kurudi, na haraka, ndani ya siku hadi wiki baada ya ishara mbaya kukatwa. Nukta za damu hufyonzwa kwa miezi. Yale madoa ya njano, mafuta yaliyovuja, huondolewa na makrofeji polepole sana. Tena usishtuke yakionekana kuongezeka mwezi wa kwanza au wa pili, kwa kuwa maji yakinyonywa mafuta hubaki nyuma yakiwa yameganda. Perisaiti zilizokufa hazitegemewi kurudi. Maganda hayafunguki, na katikati ya makula yakiwa mengi, herufi hazitarudi hata OCT isome 260. Ombeni picha ya mishipa, ya rangi ya fluorescein au ya OCT isiyotumia rangi, ili mjue mapema mnatibu jicho lenye akiba kiasi gani. Picha hiyo ingefaa ipigwe kabla ya kijiti.

Mambo ya nje ya jicho yanayoharibu kazi

Orodha ya dawa za mama isomwe yote. Pioglitazone hutunza maji mwilini na inaweza kuongeza uvimbe wa makula; kuibadilisha wakati mwingine husaidia. Presha ya damu ndiyo pampu inayosukuma maji kupitia ukuta uliolegea, na ikiwa 160 juu, kijiti kitakuwa kinakausha sakafu huku bomba likiwa wazi. Katika utafiti wa UKPDS, kuidhibiti presha vizuri kulipunguza kusonga mbele kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 34. Mkojo upimwe protini.

Sukari ishuke, ila isishushwe kwa pupa. Katika DCCT, utafiti wa 1993 uliothibitisha faida kubwa ya kudhibiti sukari, asilimia 13.1 ya walioshushwa kwa nguvu waliharibikiwa kidogo mwanzoni, dhidi ya asilimia 7.6 ya wengine, kabla ya faida kujitokeza. Mama akianzishiwa insulini au semaglutide akiwa na HbA1c ya juu sana, daktari wa macho aambiwe wiki hiyohiyo, asisubiri miadi.

Neno la mwisho kuhusu steroidi: hayo yote ni kwa inflamesheni ya kisukari. Ikiwa kwenye karatasi za mama kuna neno vaskulaitisi, yaani inflamesheni ya mishipa yenyewe, au daktari ameona mishipa imevikwa weupe na chembechembe zinaelea kwenye ute, hiyo ni habari nyingine. Kifua kikuu, kaswende, toksoplasma na virusi vya jamii ya herpes vinaweza kuleta picha hiyo, na steroidi ikiwekwa kabla ya kuvipima inaweza kuvifungulia mlango.

Siku ya sindano jicho huoshwa kwa povidone-iodine, dawa ya kuua vijidudu, na litawasha na kuwa jekundu jioni hiyo. Hilo ni la kawaida. Kwa kijiti anaweza kuona mstari unaoelea, hicho ni kijiti chenyewe. Lisilo la kawaida ni maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi na ukungu mzito kati ya siku ya 2 na ya 7. Hayo ni maambukizi ndani ya jicho hadi ithibitike vinginevyo, na aende siku hiyohiyo, hata usiku. Ni nadra, kama 1 kwa sindano 2,000 au 3,000, lakini saa chache zinatosha kulipoteza jicho.

OCT ya kuamulia ni ya wiki ya 8, dawa ikiwa kileleni. Mkiona 300 wiki ya 8 na 420 mwezi wa 5, kijiti hakijashindwa. Kimekwisha, na swali linakuwa kama presha ya jicho inaruhusu cha pili. Ikiwa wiki ya 8 bado inasoma 425, cha pili huenda kisifanye tofauti, na hapo ndipo aflibercept au faricimab inaporudi mezani.